Kufuli la Mlango wa Nyuma

Kabati la milango mitatu lilikuwa limeshashuka vidato kumi na moja vya ngazi. Kwenye kidato cha kumi na mbili likagoma.

"Livuteni!" alipiga kelele fundi cherehani kutoka ghorofa ya tatu.

"Tulivute vipi, mama?" wapagazi walijibu kutoka chini. "Limeng'ang'ania ukuta kama limepanga hapa!"

Fundi alikuwa anahama. Aliishi na mama mkwe wake, mwenye miguu ya kuvimba, na mlango wa dharura wa ghorofa yao ulikuwa na kufuli mwaka mzima. Mara tatu alimlalamikia mwenye nyumba. Mara tatu alijibiwa, "Nikiufungua mtaanika nguo ngazi za nyuma." Wapangaji walimwita Bwana Kufuli.

Asubuhi hiyo Bwana Kufuli alikuwa chumbani kwa fundi, taulo kiunoni, akisubiri suruali yake ipigwe pasi.

"Fanya haraka, mama. Mkaguzi wa zimamoto anakuja saa nne. Lazima nionekane mtu."

"Na ule mlango?"

"Nitaufungua saa nne kasorobo. Akiondoka, naufunga."

Mama mkwe alicheka. "Na moto nao umeahidi kuja saa nne, baba?"

Kelele za kabati zilizidi. Fundi akatoka kwenda ngazini kuangalia. Bwana Kufuli akamfuata na taulo lake. Mama mkwe, asiyekubali kupitwa na kituko, akajikongoja nyuma yao. Pasi ikabaki juu ya suruali.

Walipogeuka, moshi ulikuwa unatoka mlangoni mwa chumba.

"Pasi yangu!" fundi alilia.

Bwana Kufuli alinyakua ndoo ya maji.

"Weka chini hiyo ndoo!" Sauti ya mwanamke ilitoka upande wa pili wa kabati. Mkaguzi alikuwa amewahi. "Moto wa umeme haumwagiwi maji! Zimeni swichi kuu. Fungeni mlango wa chumba, moshi ubaki humo. Kisha inameni, mpite ngazi za nyuma!"

Swichi kuu ilikuwa ukutani, pale pale nje ya chumba. Fundi aliizima, akafunga mlango.

"Ufunguo wa nyuma uko wapi?" fundi alimuuliza Bwana Kufuli.

"Mfukoni mwa suruali."

Fundi alijishika kichwa. Kila suruali ya mteja aliitoa vitu mfukoni kabla ya kuipiga pasi, akavitia kwenye droo visipotee. Droo ilikuwa ya kabati lile, na vya suruali hii alivitia kabla wapagazi hawajalibeba. Na kabati lilikuwa limekwama, droo imetazama ukuta.

"Basi tumekwisha," Bwana Kufuli alisema, akikaza taulo.

"Labda wewe," mama mkwe alisema huku akikohoa. "Mimi nina harusi Jumamosi."

Fundi alichomoa bisibisi ya cherehani kwenye aproni. Komeo lililoshika kufuli la mlango wa nyuma lilikuwa na skrubu nne, zote upande wao. Akaanza kuzifungua.

"Utaniharibia mlango!"

"Baba," mama mkwe aliuliza, "unataka mlango au unataka kuzeeka?"

Skrubu ya nne ilianguka. Mlango ukafunguka, kufuli likining'inia, bado limefungwa vizuri kabisa.

Walishuka wakiruka makopo ya rangi ambayo Bwana Kufuli alikuwa ameyahifadhi huko, mama mkwe akimshika mwenye nyumba mabega. Chini, wapangaji wote walikuwa wamejipanga kutazama. Taulo lilivumilia mpaka kidato cha mwisho.

Wazimamoto waliokuja na mkaguzi walipanda ngazi za nyuma, wakauzima moto kwa mtungi wao wa poda. Mkaguzi akatoa karatasi.

"Mlango wa dharura hufunguka kwa kusukuma, kutoka ndani, bila ufunguo. Saa zote, si saa ya ukaguzi tu. Na ngazi si stoo."

"Wakianika nguo je?"

"Wewe, mwenye taulo, unaniuliza habari za nguo? Una siku saba. Zikipita, naifunga nyumba hii, na kufuli nitaleta mimi."

Bwana Kufuli alimaliza kazi siku ya tano: makopo yaliondoka, na kila ghorofa ikapata mlango wa kusukuma. Kabati lilikatwa kwa msumeno, likawa rafu mbili. Fundi hakuhama, na sasa huchomoa pasi kabla ya kuinuka. Mama mkwe alikwenda harusini. Kila mwezi wapangaji hufanya mazoezi ya kushuka ngazi za nyuma, na Bwana Kufuli hutangulia. Suruali haikupona.