Mashine ya Babu Haizimwi

Mimi siogopi hata simba, lakini haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa mashine za chapa, na siku hizi hata mlango ukigongwa anaruka. Mcheke mkitaka.

Babu yake alichapa vipeperushi vya kuwaumbua wakubwa hadi kifo kilipomnyamazisha. Asubuhi moja shangazi akamwita fundi.

"Mwanangu, askari wanakuja. Wakiikuta ile mashine nzima, nitaozea jela. Ifungue."

Akashuka chumba cha chini, ambacho babu aliziba madirisha yake kwa matofali ili sauti isitoke. Akapapasa gizani, akaifungua mashine yote, akavitoa vipande hadi uani na kuufunga mlango.

Askari wakakuta chuma chakavu tu. Mkubwa wao akacheka. "Mzee kakoma, eti?"

Hapo kukaanza kule chini: krapa, krapa, krapa.

"Nani yuko huko? Zimeni mashine!"

Shangazi akaketi, akakunja mikono. "Shuka ukaizime wewe, baba. Sisi ilitushinda zamani."

Hakuna aliyeshuka. Mlio ukaongeza kasi, na chini ya mlango zikaanza kupenya karatasi, moja baada ya nyingine, wino bado mbichi.