Rimu Pana Wiki ya Harusi

— Troy, weka hiyo grenda chini.

Troy aliiweka, lakini shingo upande. Bernadette alikuwa ameshauona mstari wa chaki kwenye madigadi ya nyuma ya Chevelle ya mwaka sitini na nane, gari aliloachiwa na baba yake, marehemu Gus Nowak. Jumamosi hii gari hilo ndilo lingempeleka kanisani hapo mjini Hamtramck kuolewa, na bwana harusi mwenyewe ndiye aliyetaka kulikata.

— Kipande kidogo tu, mpenzi. Tairi zinakwaruza.

— Zinakwaruza kwa sababu umefunga rimu pana bila kuniambia.

— Nilitaka kukushtukiza.

— Umefanikiwa. Leo nimempakia mama kiti cha nyuma, kila shimo gari linanguruma. Kashika rozari mpaka nyumbani.

— Nilipima, Bernie. Vidole viwili vilipita kati ya tairi na madigadi.

— Ulipima gari likiwa juu ya jeki?

Troy akakuna kichwa. Hasira zilimpanda Bernadette mpaka machozi yakamlenga. Gari likiwa kwenye jeki, tairi huning'inia. Lishushe, lipakie watu, bodi inazilalia. Mtu mzima hajui hilo?

— Ukikata gari la baba, harusi hakuna.

— Baba, baba! Kila nikigusa kitu ni cha baba. Gereji yake, kiti chake, hata kikombe cha kahawa nimekatazwa. Nilitaka kitu kimoja tu, watu wakikiona waseme hiki kaweka Troy. Nimechoka kuwa mgeni hapa.

Maneno yalimchoma Bernadette, ila hakuwa tayari kulegea. Simu yake ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mama yake, Wanda, aliyekuwa jikoni kwenye dirisha lililo wazi: "Mtaa mzima unawasikia. Ingiza mkono ndani ya madigadi, juu ya tairi."

Bernadette akaingiza. Bati lilikuwa limebonyea huku na huku kwa nyundo, rangi ya zamani ikiwa imelifunika.

Wanda akatokea mlangoni, aproni imejaa unga wa pierogi alizokuwa akikanda.

— Nyundo ya baba yako hiyo. Wiki ya harusi yetu naye aliweka rimu pana. Naye alipima kwenye jeki, akabaki kugonga bati ili tairi zipate nafasi.

— Baba?

— Huyohuyo mtakatifu wako. Nikamwambia achague, rimu au mimi.

— Akasemaje?

— Akaomba siku mbili afikirie. Sijamsamehe mpaka leo.

Bernadette aligeuka amuulize Troy swali lilelile. Akamkuta kapiga magoti, wili spana mkononi, anahangaika na nati.

— Sijakuuliza bado.

— Ndiyo maana nawahi.

Bernadette akaenda stoo, akazivingirisha rimu za zamani, akachuchumaa upande wa pili wa gari.

— Huku nafungua mimi, akasema. Ukimaliza, kahawa iko jikoni. Chukua kikombe cha baba. Ni chako.