Maboma Mawili, Lango Moja

Kila jioni, baada ya kufagia darasa, Bhoke wa darasa la saba alikimbilia kompyuta. Mwaka huo wa 1999 shule yao ya Migori ilikuwa imepewa kompyuta kuukuu nane: nne darasani, nne maktabani. Fundi alikuwa Madam Caren, mzaliwa wa Kosele, ambaye bisibisi haikumtoka mfukoni. Lo, Bhoke alivyompenda! Alitembea kama yeye, akakohoa kama yeye, mpaka rafiki yake Joyline akamcheka. Na Madam alimwamini: kompyuta za darasani aliachiwa Bhoke aziandikie nambari za kuziwezesha kutumiana barua.

Siku moja, kesho yake ikiwa siku ya wazazi, barua ilitakiwa kusafiri kwa kompyuta kutoka darasani hadi maktabani. Kompyuta za darasani ziliandikiana zenyewe vizuri sana. Lakini kufika maktabani, wapi!

"Madam, ikifika saa kumi na moja bado, naita fundi wa Kisumu," alisema mwalimu mkuu, Bwana Motari. "Kazi yako hapa itakuwa imeisha."

Caren hakununa. Alipiga magoti, akakagua waya mmoja baada ya mwingine.

"Nyathina, mwanangu," alimwambia Bhoke, "dada yako akiwa bomani kwenu, unamwita tu naye anaitika. Mtu wa boma jingine utamfuata kwa kupitia langoni. Kompyuta ni hivyo hivyo. Inatazama nambari ya mpaka ijue barua ni ya nyumbani au ya nje. Ikiwa ya nje, inaikabidhi ruta, kile kisanduku pale mlangoni."

Nambari ya mpaka! Bhoke alikumbuka. Jana, kwa haraka ya kwenda netiboli, aliweka sifuri kwenye fungu la tatu kati ya mafungu manne ya nambari hiyo, badala ya 255, katika kompyuta zote nne. Kisha akamwambia Madam amekagua. Akisema sasa, huenda asiguse kompyuta tena. Akinyamaza, Madam atafukuzwa.

"Madam, ni mimi," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Fungu la tatu niliweka sifuri. Na nilikudanganya, sikukagua."

"Kumbe!" Caren alishika kiuno. "Basi sifuri hiyo imeusogeza mpaka mbali, nazo zinadhani maktaba iko ndani ya boma lao. Siku nzima zinaita uani, lango hata hazilitazami! Haya, kaa. Rekebisha mwenyewe."

Bhoke aliandika, akasoma kila nambari mara mbili, kisha akatuma barua. Saa kumi na moja kasorobo, Joyline, aliyekuwa akiisubiri maktabani, alipiga kelele: "Imefika! Imefika jamani!"

Bwana Motari akaja mbio. "Kosa lilikuwa la nani?"

"Langu, mwalimu," alijibu Caren. "Mimi ndiye fundi, ningekagua."

Bhoke aliinua mkono. "Hapana, mwalimu. Ni langu."

Mwalimu aliwatazama wote wawili, akavua miwani.

"Na mimi nilikosea, nilitaka kumfukuza fundi hodari," alisema. "Bhoke, kukosea kupo kwa kila mfanyakazi. Ukilificha kosa, wenzako watahangaika siku nzima kulitafuta. Ukilisema, linatengenezwa kwa dakika chache. Kesho, mbele ya wazazi, barua utaituma wewe."