Ukili wa Muzdalifa

Kila Jumamosi, Muzdalifa na mama yake, Mwantumu, hukaa uani wakasuka ukili. Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa majani ya ukindu. Kili kadhaa zikishonwa pamoja, mkeka umepatikana. Hapa kijijini Mtawanya hakuna binti anayemshinda Muzdalifa kusuka.

Lakini Jumamosi hii uso ameukunja.

"Mwalimu kamchagua Warda awe kiongozi wa kundi letu la mkeka," alisema. "Ati Warda!"

"Warda huyu wa jirani? Ukili wake kama mkia wa panya!" mama yake alidakia. "Wamekuonea, mwanangu."

Mkeka huo ulikuwa wa maonyesho ya shule. Bi Hadija, mwenye karakana ya mikeka Kibiti mjini, angekuja kuchagua wanafunzi wa kujifunza kazi kwake likizo. Muzdalifa aliitaka sana nafasi hiyo.

Shuleni, Warda alimpa kila mmoja kundini kamba ya kipimo cha ukili. Wakakubaliana rangi: nyekundu na nyeusi. Muzdalifa hakuigusa kamba yake. Alisuka ukili mpana, wa rangi nne.

"Watajua fundi ni nani," alijisemea.

Siku ya kushona, ukili wake ukazidi upana. Rangi zikakataana na za wenzake.

"Muzda, si tulikubaliana?" Warda aliuliza.

"Usinifundishe kusuka, wewe!" Muzdalifa akabeba ukili wake, akaenda zake.

Jioni jirani yao, Bi Mwanajuma, alipita kusalimia. Yeye ni mshonaji kwenye karakana ya Bi Hadija. Alimsikiliza Muzdalifa akisimulia yaliyotokea, kisha akaupapasa ule ukili.

"Mzuri, mashaallah. Haya, kitendawili!"

"Tega."

"Nina milango miwili haina komeo, lakini wageni wengi hugeuka hawajaingia."

Muzdalifa alifikiri, akashindwa. Akampa mji.

"Masikio yako, mjukuu wangu! Kule kwetu fundi asiyesikiliza anarudishwa kwao, hata akisuka vipi. Mkikubaliana jambo, litimize. Hulitaki? Sema mapema, kwa adabu. Umekosea? Sema nimekosea, halafu uliza ufanye nini. Haya nayo mtu hujifunza, kama kusuka."

"Lakini bibi, mie namwonea wivu."

"Unao, ndiyo. Ila usiuachie ukusukie mkeka."

Asubuhi Muzdalifa alimfuata Warda. Maneno yalikuwa mazito mdomoni.

"Nimekosea. Nilikuonea wivu. Sasa nifanye nini?"

Warda akasema, "Ufumue ukili wako, usuke upya."

Roho ilimuuma, lakini aliufumua. Akakaa na wenzake, akasuka kwa kipimo. Alipoona ukingo wa ukili wa Warda umelegea, alitaka kucheka. Hakucheka.

"Nikuoneshe ninavyokaza mie?" aliuliza.

"Nioneshe, shoga. Vidole vyangu havinisikii!"

Siku ya maonyesho, Bi Hadija aliugeuza mkeka huku na huku. "Kingo hizi nani kawafundisha?"

"Muzdalifa," Warda akajibu.

"Na nyote mmepataje kipimo kimoja?"

Wivu ulimchoma Muzdalifa tena. Angeweza kunyamaza tu.

"Warda," alisema. "Ndiye kiongozi wetu."

Bi Hadija aliwachukua wote wawili.

Nyumbani, Mwantumu alipiga vigelegele, kisha akabetua mdomo. "Na yule mkia wa panya naye kachaguliwa?"

"Mama," Muzdalifa alisema taratibu, "yule ni mwenzangu kazini."