Daftari la Chaneli ya Tano

Kila alasiri, akishabadili sare za shule, Chiriku aliketi katika karakana ya shangazi yake, fundi wa redio, na kuvaa spika za masikioni. Jina hilo alipewa kwa wingi wa maneno yake, hivyo kusikiliza tu saa nzima kwake ilikuwa adhabu. Kila dakika tano aliandika daftarini: chaneli ya tano ina watu, au iko kimya.

Redio yenyewe ilikuwa kisanduku kilichounganishwa na kompyuta. Ukitaka kuibadili hukushika bisibisi, ulibadili programu tu. Shangazi alikuwa akiifundisha ijitafutie yenyewe chaneli iliyo tupu, na ikisikia watu iwapishe. Daftari la Chiriku ndilo lililoiambia zipi ni sauti za watu na upi ni ukimya.

Wiki moja wenzake walikuwa wakiruka kamba nje. Chiriku akajaza kurasa nzima "kimya, kimya, kimya", kisha akatimua mbio. Nani angejua?

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi shangazi aliwasha mtambo ule wa redio, nao ukaingia chaneli ya tano na kuanza kurusha mawimbi. Punde simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani.

"Fundi, kuna nini huko? Namwita dereva wa gari la wagonjwa, nasikia mvumo tu. Nina mama mjamzito hapa, hali yake si nzuri."

"Nazima sasa hivi, dada. Mwite tena."

Dereva akapatikana, mama akawahishwa hospitali. Shangazi alirudi kwenye kompyuta.

"Miezi sita nimejidanganya," alisema. "Programu hii ni mbovu. Naifuta yote."

Chiriku aliona aibu mpaka machozi yakamlenga. Kidole cha shangazi kilipokaribia kitufe cha kufuta, aliushika mkono wake.

"Shangazi, programu haina kosa. Mwongo ni mimi. Sikusikiliza, niliandika tu."

Shangazi hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Walifungua ukurasa mpya, wakasikiliza pamoja wiki mbili, kisha wakaifundisha redio upya. Walipojaribu tena, muuguzi alianza tu kuongea, mtambo ukahamia chaneli ya tisa.

"Umeona, mwanangu?" shangazi alisema. "Mashine haijui kudanganya. Lakini ukiifundisha uongo, itautekeleza kwa uaminifu wote, na atakayeumia ni mtu usiyemjua. Siku ile ungenyamaza, ningefuta kazi nzuri nikabaki na daftari baya."