Baba Hakuwahi Kulima

Jumamosi alasiri, familia ya Mwokaji ilikuwa chumbani ikifanya mazoezi. Si mazoezi ya viungo. Yalikuwa mazoezi ya kujibu maswali.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye jengo walilopewa wageni waliokimbia vita. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja, na dirisha linalotazama kamba za nguo. Mama, mkewe Mwokaji, alikuwa anakunja shuka. Bibi, mama mzazi wa Mwokaji, alikuwa amejinyoosha kitandani, miguu juu ya mto. Binti yao wa pekee, ambaye wote walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alisimama katikati ya chumba kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Kule nyumbani, baba yako alikuwa anafanya kazi gani?" Mwokaji aliuliza kwa sauti nzito ya kiofisa.

"Baba alikuwa mkulima wa mahindi," Kidoti akajibu.

"Na wewe bibi, mwanao alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mwanangu?" Bibi akaangua kicheko. "Huyu hajui hata jembe linashikwa upande gani!"

"Mama, tafadhali! Utatuponza."

"Haya basi, mkulima. Mkulima wa maharage."

"Mahindi, mama!"

Mama akaficha uso ndani ya shuka ili asionekane anacheka. Kidoti hakucheka.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwokaji aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mwokaji wa mikate tangu ujana wake. Vita vilipofika mjini kwao, watu wenye silaha walimkuta mbele ya tanuri lake. Wakamwambia aendelee kuoka, ila sasa awaokee wao. Mmoja akaketi mlangoni na bunduki mapajani. Ungekuwa wewe, msomaji, ungefanyaje? Aliwaokea mpaka siku alipowatoroka, familia yake ilipopata nafasi kwenye ndege ya kuwaokoa raia.

Ndani ya ndege ile, abiria mmoja aliyesikia kisa chake alimnong'oneza. "Ndugu yangu, usithubutu kusema uliwalisha wale. Utaonekana mwenzao. Sema ulikuwa mkulima." Yule bwana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa hajui, ila alisema kwa sauti ya mtu anayejua, na watu wa namna hiyo tunawaamini upesi.

Basi walipotua, Mwokaji akasema ni mkulima. Waliruhusiwa kuingia kwa muda. Sasa walikuwa wameitwa kwenye mahojiano ya usalama, na baada ya hapo ndipo ingeamuliwa kama watabaki au wataondoka.

Tangu mazoezi yaanze, Kidoti alikuwa amebadilika. Mtoto aliyezoea kuongea hata na mswaki wake, sasa alijibu kwa kutikisa kichwa. Shuleni hakufungua mdomo kabisa. Mama yake alidhani ni ugeni wa lugha.

Hodi ikapigwa mlangoni.

"Karibu, dada," Mama akaitikia.

Aliyeingia alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, amekuja kurudisha pasi aliyoazima. Mwanamke huyu alikuwa mkalimani. Yeye pia alikuja akikimbia vita, vya zamani zaidi, akajifunza lugha ya hapa, na sasa aliwatafsiria wageni hospitalini na shuleni.

"Shikamoo, mama," alimsalimu Bibi, kisha akamgeukia mtoto. "Kidoti wangu, nasikia darasani mmeambiwa mchore kazi za wazazi wenu. Baba umemchora akifanya nini?"

Kidoti alimtazama baba yake. Kisha akalia kwa kwikwi.

"Nikisema mikate tutarudishwa kwenye mabomu! Nikikosea mimi, Bibi atakufa!"

Mama aliacha shuka ikaanguka, akamkumbatia mwanawe. Mwokaji alihisi moyo unamchanika. Hakujua kwamba alikuwa amemtwisha mtoto mzigo mkubwa kiasi hicho.

Akamweleza jirani kila kitu, bila kuficha.

"Kaka," mkalimani alisema taratibu, "unajua mahojiano haya ni ya nini?"

"Ya kututafutia makosa."

"Hapana. Nchi inataka kujua wanaoingia ni akina nani. Inataka kujua kama kati yao yupo aliyeua, aliyetesa, au aliyekuja kudhuru watu. Ndiyo maana wanachukua alama za vidole na picha. Watakuuliza ulikaa wapi na ulimfanyia nani kazi. Kisha wanalinganisha majibu yako na habari walizonazo."

"Si ndipo hapo watakapojua nimewaokea wauaji?"

"Watajua pia kwamba ulidanganya. Na wote wanne mkitoa jibu lilelile, neno kwa neno kama kwaya, ofisa ataanza kujiuliza mnaficha nini."

"Kwaya yenyewe ina mtu mmoja anayeimba maharage," Bibi akasema.

Hata Mwokaji alicheka, ingawa macho yalikuwa yamemlowa. "Sasa nimeshaharibu, dada. Nilishasema mkulima."

"Unaweza kurekebisha. Ila nenda kwanza kwa wakili wa kituo cha msaada wa kisheria, hatozi kitu. Mambo ya kulazimishwa na watu wenye silaha anayajua. Siku ya mahojiano, rekebisha mwenyewe kabla hujaulizwa. Usichokumbuka, sema hukumbuki. Usipomwelewa mkalimani, sema hapohapo. Ni haki yako."

"Si utakuwa wewe?"

"Mimi sitaruhusiwa, kwa kuwa tunafahamiana. Watakuletea mwingine. Na siwezi kukuahidi jibu, kaka, kwa sababu mimi siyo mwamuzi. Lakini mtoto huyu mwacheni apumzike."

Mwokaji alimwona wakili, akamsimulia yote. Siku ya mahojiano, wakili aliketi pembeni yake. Ofisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na kando yake mzee wa kutafsiri.

"Kabla hujaniuliza," Mwokaji alisema, "nina jambo la kurekebisha. Sikuwahi kulima. Mimi ni mwokaji."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Kwa nini ulisema mkulima?"

"Niliogopa. Niliwaokea mikate watu wenye silaha."

"Ulikuwa na namna ya kukataa?"

"Aliyetangulia kukataa tulimzika."

Ofisa aliuliza mengi. Nani alileta unga? Mlinzi alikaa wapi? Aliwahi kupewa silaha? Kuna nani aliyemwona akilazimishwa? Mwokaji alijibu aliyoyajua. Mengine alisema hajui, na hakuna aliyemfokea. Bibi na Mama nao waliulizwa, kila mmoja kivyake, na kila mmoja akaeleza kwa maneno yake.

Jioni ile Mwokaji alimpakata binti yake.

"Baba, mimi nilikosea?"

"Wewe hukukosea, mwanangu. Nilikosea mimi. Nilikupa kazi ya kuilinda familia, na kazi hiyo ni yangu na mama yako. Nisamehe."

Kidoti aliegemea kifua cha baba yake hadi usingizi ukamchukua.

Jibu lilichelewa. Uongo ule wa kwanza ulifanya wachunguzwe upya, na Mwokaji akaitwa tena mara nyingine. Ilikuwa miezi ya kukonda. Hatimaye wakili alipiga simu: wameruhusiwa kubaki. Mama alikaa sakafuni akalia. Bibi alitaka kujua kama sasa anaweza kuongea chochote, akaambiwa hakuna aliyewahi kumzuia akazuilika.

Wiki iliyofuata, Mwokaji akaitwa shuleni. Alikwenda na jirani yake mkalimani, akimuuliza njia nzima wameitiwa nini. Mwalimu aliwakaribisha, akaongea kwa muda mrefu huku akitikisa kichwa.

"Anasemaje?" Mwokaji aliuliza.

"Anasema Kidoti anaongea mno darasani. Anaongea na wa mbele, anaongea na wa nyuma. Somo haliendi. Anaomba umkanye."

Mwokaji alimwomba arudie. Alikuwa amesikia vizuri mara ya kwanza. Alitaka tu kusikia tena.