Disketi Sita za Baba

Kila alasiri Hadassa alifagia ua, akachota maji, kisha akapangusa vumbi kwenye kompyuta ya marehemu baba yake. Baba alikuwa mwalimu hapa Likasi. Alifariki Hadassa akiwa na miaka miwili. Sasa alikuwa na kumi na mitatu. Kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa zamani, lakini zilibaki disketi sita, vibamba vya plastiki ambamo baba alihifadhi maandishi yake. Hadassa hakuikumbuka hata sauti yake. Alitamani angalau kujua alikuwa akiandika nini.

Jirani yao Émérence, ambaye watoto walimwita Tantine, yaani shangazi, alikuwa fundi wa redio. Siku za mapumziko, yeye na rafiki zake wa Lubumbashi, wapenzi wa kompyuta za kale, waliunda kwa mikono yao vifaa vya kuzisaidia. Hadassa alipompelekea disketi, Tantine alimwonyesha kadi ndogo yenye nyaya nyingi.

"Hii haikutoka kiwandani. Naiunda kwa kupenda tu," alisema. "Labda itasoma maandishi. Picha, hapana. Na disketi zingine zitakataa. Nipe wiki tatu. Umesikia, mwanangu?"

"Ndiyo, Tantine."

Lakini nyumbani alimwambia mama yake, "Mama, Tantine anaweza! Tutasoma yote. Na picha za baba tutaziona!"

Mama Henriette aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. "Hata picha?"

"Hata picha."

Tangu hapo mama alihesabu siku. Alimwita hata shemeji yake Gaston kutoka Kakanda aje kumwona marehemu kaka yake kwenye picha.

Siku ilipofika, walikaa wote mbele ya meza ya Tantine, kadi ikiwa imeunganishwa na kompyuta yake, mama akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Disketi ya kwanza ilikwaruza, ikakataa. Ya pili vilevile. Hata ya tano haikutoa kitu. Ya sita ilifunguka, ukurasa mmoja tu.

"Na picha?" mama aliuliza polepole.

Tantine alishangaa. Hadassa akapaza sauti, "Tantine, ulisema itasoma!"

"Nilisema labda, Hadassa."

Hadassa aliutazama uso wa mama yake, machozi yakamtoka. "Mama, kosa ni langu miye. Tantine alisema labda. Picha alikataa kabisa. Niliogopa kukuambia, kwa sababu nilitaka sana iwe kweli."

Mama alielekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Soma kilichopo."

Hadassa alijifuta macho, akasoma: "Leo Hadassa ametembea. Hatua nne, kutoka kitandani hadi mlangoni, akaanguka, akacheka. Henriette yuko sokoni, hakuona. Naandika ili nimsimulie vizuri jioni."

Gaston alifunika uso kwa kofia. Mama alilia, kisha akatabasamu.

"Alinisimulia," alisema. "Hatua nne. Nilikuwa nimesahau."

Akamvuta Hadassa karibu. "Sikiliza. Tantine alikupa neno la kweli, weye ukaniletea lingine. Ungeniletea ile 'labda' yake, ningeingoja vilevile, na leo nisingelilia picha ambazo hakuna mtu aliyeniahidi. Kazi ya mtu ieleze kama mwenyewe alivyoieleza. Omba radhi."

"Unisamehe, Tantine."

"Nimekusamehe," alijibu Émérence.

"Haya," mama alisema, "sasa nisomee tena."